D.O. Misiani: Vile Buda wa Shirati Aligeuza Baa Kuwa Bunge

Ukitoka Kisumu tao ukielekea Maseno, ukishapita uwanja wa ndege tu, uko Otonglo. Kwa Wajaluo, otonglo ni pesa, na kama ulikuwa umezaliwa miaka ya 1990 unakumbuka Poxi Presha na ngoma yake ya Otonglo Time. Lakini leo hatuongei rap. Ingia baa hapa Ijumaa usiku, bendi ikiwa imeshika moto, usikize gitaa la solo. Hiyo gitaa inakimbia haraka, besi inaifukuza, na wasee wa miaka 25 wanacheza kama wazazi wao. Hiyo ni benga, na jamaa aliyeibeba mgongoni miaka arobaini anaitwa Daniel Owino Misiani, D.O. kwa mashabiki.

Wamarekani wana country, mziki wa mashambani uliopelekwa kwa baa ukawekewa umeme. Sisi tuna benga, na ni story hiyo hiyo. Wapiga gitaa walichukua vile nyatiti inachapwa, ile ya nyuzi nane, wakaihamishia kwa gitaa. Ngoma inaanza pole, wanaimba sauti mbili zimeshikana, alafu waimbaji wananyamaza na gitaa linachukua usukani. Hapo ndio watu wanaacha chupa kwa meza.

Misiani hakuanzisha benga, na ubishi wa nani alikuwa wa kwanza hauishi ukikaa na wazee wa Kisumu. Alizaliwa 1940 karibu na Shirati, huko Mara, upande wa Tanzania. Ni Mjaluo, tu mzungu alichora mpaka ukampata upande ule. Akavuka kuja Kenya akiwa kijana, na katikati ya miaka ya 1960 akawa na bendi yake, Victoria Boys. Jina lilibadilika badilika hadi likatulia kwa Shirati Jazz. Kumbuka hiyo mambo ya mpaka, itarudi.

Sasa, bendi ya baa inakulaje? Hapa ndio watu wengi hawaelewi. Mwenye baa anauza keroro, bendi inategemea pesa ya mlangoni. Kiongozi ndiye kawaida ana vyombo: magitaa, spika, ngoma. Wengine ni vijana wa kulipwa, na mpiga solo akiwa mkali anaanza kujiuliza mbona mkubwa anakula zaidi. Anatoka na wawili watatu, wanaanzisha bendi yao, na jina wanaliweka karibu na lile la kwanza ndio watu wasipotee. Ndio maana ukitafuta bendi za zamani za ziwa unapata majina yanafanana hadi unachanganyikiwa.

Alafu kuna pakruok. Msee anasimama, anatoa doo, mziki unashushwa, anajisifu: yeye ni mtoto wa nani, anatoka wapi, mpenzi wake ni nani. Mwingine kwa meza ya kona hawezi kubali kuzidiwa, naye anatoa zaidi. Bendi inafurahi tu. Na ukisikia ngoma ya benga inataja majina ya watu kumi usiowajua, hao wengi ni marafiki na wadhamini. Leo ungeita matangazo, na mimi naona ilikuwa ya heshima kuliko haya ya influensa.

Pesa ya santuri nayo ilikuwa na njia zake. Miaka ya 1970 santuri za benga zilifika hadi Zimbabwe, na zile za prodyuza Oluoch Kanindo zilivuma mpaka huko mziki wenyewe ukaitwa kanindo. Fikiria: mziki mzima unapewa jina la mwenye lebo, si la aliyeshika gitaa. Baadaye kaseti feki zikamaliza kile kilichokuwa kimebaki.

Lakini Misiani alikuwa na kitu zaidi ya gitaa. Alikuwa na mdomo. Aliimba mapenzi, ndio, lakini pia Biblia, historia na wanyama, na kila mnyama kwa ngoma yake alikuwa na ofisi mahali. Ukimshtaki, yeye ameimba tu kuhusu mnyama. Nani amesema ni mheshimiwa? Wewe ndio umesema. Watu kwa baa walikuwa wanacheka kabla mstari uishe.

Serikali haikucheka. Alishikwa zaidi ya mara moja, na kwa sababu alizaliwa upande ule wa mpaka, ilikuwa rahisi kumfukuza arudi Tanzania. Mtu ameimba Kenya maisha yake yote, mashabiki wako hapa, vyombo viko hapa, na anaambiwa hapa si kwao. Alirudi, akaendelea. Hata enzi ya Narc alitoa Bim en Bim, yaani nyani ni nyani, na kwa baa za Kisumu hakuna aliyehitaji kuelezwa nyani ni nani.

Huko nje walimjua. 1987 alipiga shoo Uingereza, na mwaka huo huo World Circuit wakatoa albamu yake Benga Beat. Alirudi nyumbani kwa baa zile zile.

Tarehe 17 Mei 2006 alikufa Kisumu kwa ajali ya barabarani, akiwa ndani ya matatu. Si gari la kifahari, matatu. Alikuwa na miaka 66.

Ukitaka kuanza kumsikiza, tafuta The King of History, ambayo Sterns walitoa 2010 wakikusanya ngoma zake za miaka ya 1970. Vaa hedifoni, usikize besi kwanza.