Fensi ya Waya, Nguvu Yake ni Kona

Ukizunguka pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika mpaka Kibaha, utaziona fensi za waya za aina mbili: zilizonyooka, na zilizolegea hadi mbuzi anapita chini yake bila kuinama. Mara nyingi waya ni uleule na fundi ni yuleyule. Kinachozitofautisha ni nguzo za kona.

Wavu wa waya hausimami kwa ugumu wake. Unasimama kwa kuvutwa. Nguzo za katikati huushika tu usiyumbe. Mvuto wenyewe huishia kwenye kona, ambako waya wa pande mbili unavuta kuelekea ndani na upande wa nje hakuna cha kuurudisha. Ni kama kitanda cha kamba: ukikaza kamba kwenye mfumbati dhaifu, mfumbati ndio unaopinda, na kamba inalegea ingali mpya. Kwa hiyo anayepanga fensi aanze na kona, kisha ahesabu vingine.

Kona zenyewe huanzia kwenye mpaka. Kama kiwanja kimepimwa, tafuta bikoni zote kabla ya kuchimba chochote, na usiing'oe hata moja, kwani kung'oa bikoni ni kosa kisheria. Kama hakijapimwa, waite majirani na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mkubaliane mpaka, mwandikishane na kutia saini. Mstari wa nguzo urudi ndani yako walau sentimita 20, ili zege la msingi lisiingie kwa jirani. Ukiwa kando ya barabara kuu au ya mkoa, kumbuka kwamba hifadhi ya barabara, kwa sheria ya mwaka 2007, ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fensi inayojengwa humo husubiri tu alama ya X ya kubomolewa.

Sasa hesabu. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, chenye mzunguko wa mita 100. Geti la gari pamoja na mlango mdogo vichukue mita 5, zibaki mita 95 za wavu. Ukiweka nguzo kila baada ya mita 2.5, utahitaji nguzo 39: 4 za kona, 2 za geti na 33 za katikati. Kila kona inataka sapoti 2, yaani nguzo za mshazari za kuitegemeza, na kila nguzo ya geti 1. Jumla sapoti 10. Kwa wavu wa futi 6, yaani mita 1.8, nunua nguzo za mita 2.4 ili sentimita 60 zizame ardhini. Nguzo za kona ziwe nene zaidi na zizame zaidi. Mirunda ni rahisi leo, lakini mchwa hawaiachi. Nguzo ya zege yenye nondo ndani ndiyo inayodumu.

Dukani, usiulize bei ya roli kabla ya kuuliza mambo matatu. La kwanza ni urefu: kwa roli za mita 18 utanunua 6, kwa za mita 15 utanunua 7. La pili ni geji. Namba ikiwa kubwa, waya ni mwembamba: geji 12 ina unene wa karibu milimita 2.6, geji 16 milimita 1.6 tu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu kwa urefu uleule geji 12 ina chuma zaidi ya mara mbili na nusu. La tatu ni ukubwa wa jicho. Wavu ukifumwa kwa macho mapana, waya mchache hutoa mita nyingi, na roli mbili zenye urefu sawa zinaweza kupishana sana uzito. Ziweke kwenye mizani, kilo zitasema.

Angalia pia zinki iliyopakwa juu ya waya. Kazi yake ni kuliwa na kutu kabla ya chuma, kwa hiyo ikiwa nyembamba, chuma kitafikiwa mapema. Anayeishi karibu na bahari, ambako hewa ina chumvi, atafute wavu wenye zinki nzito au uliovishwa plastiki.

Kazi ikianza, simamisha kona kwanza, funga kamba kutoka kona hadi kona, ndipo uchimbe mashimo ya katikati kwa kufuata kamba. Sapoti ilazwe mshazari kwa kufuata mstari wa fensi, upande uleule waya unakovutia, ikutane na nguzo kwenye theluthi ya juu, na mguu wake ushikwe na zege. Hapo kila mvuto unaoisukuma kona ndani unakutana na sapoti. Shindilia zege, limwagilie maji, na usivute waya kabla ya siku 7 kupita. Hapa ndipo haraka huharibu kazi nyingi: nguzo inayovutwa zege likiwa bichi huinama kidogo, na hairudi tena.

Kisha vuta nyaya tatu za mlalo, juu, katikati na chini, kila moja ikazwe toka kona hadi kona. Pitisha nondo kwenye macho ya mwisho ya wavu, ifunge kwenye nguzo ya kona, halafu uvute upande wa pili kwa kushika nondo nyingine ya namna hiyo, ili macho yote yavutwe sawasawa. Roli mbili haziunganishwi kwa kufungafunga. Kunjua ncha za uzi mmoja wa pembeni, uzungushe mpaka utoke mzima, sogeza roli pamoja, kisha uzungushe urudi ukipita kwenye macho ya zote mbili. Kiungo hakitaonekana.

Onyo moja baada ya kumaliza: fensi ya waya inapitisha upepo, na nguzo zake zimehesabiwa hivyo. Ukiiziba kwa mabati au turubai ili wapita njia wasione ndani, upepo wote utaangukia nguzo.

Fedha zikiwa hazitoshi, punguza urefu wa kwenda juu, au jenga pande mbili mwaka huu na mbili mwaka ujao, ukihakikisha kila upande unaishia kwenye nguzo yenye sapoti. Waya uliochakaa unabadilishwa kwa siku moja. Kona iliyoinama inadai kubomoa zege na kuanza upya.