1847 Si Mwaka wa Kijiko Chako

Swali limeletwa tena, safari hii na msomaji anayeishi Marekani. Kanunua seti ya vijiko, uma na visu kwenye mnada wa vyombo vya nyumba, nyuma vimechapwa "1847 Rogers Bros.", naye anauliza fedha ya zama hizo inauzwaje. Nimechoka kulijibu kwa mtu mmojammoja.

1847 ni sehemu ya jina la biashara. Ni mwaka ambao ndugu wa ukoo wa Rogers walianza kuuza vyombo vya kuchovya fedha huko Hartford, Connecticut. Sokoni wakajaa akina Rogers wengine, hivyo kampuni ya Meriden Britannia, iliyoichukua alama hiyo mwaka 1862, ikautumia mwaka wa 1847 kujitofautisha nao. International Silver, iliyoirithi kampuni hiyo ilipoundwa 1898, iliendelea kuuchapa katika karne ya 20. Asiyeamini asome maandishi kwenye bapa la kisu cha seti yake. Mara nyingi atakuta "stainless", na chuma hicho kisichoshika kutu kilipatikana Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Kisu cha 1847 kingekipata wapi?

Umri usome kwenye nakshi ya mpini. Nakshi ya zabibu iitwayo Vintage ni ya 1904, First Love ya 1937, Eternally Yours ya 1941, Daffodil ya 1950. Vijiko vinavyosemwa ni vya babu wa babu mara nyingi vilinunuliwa na bibi harusi wa enzi za redio.

Wala si fedha tupu. Ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Fedha ni utando wa juu tu. "A1" ni daraja la uchovyaji, haina uhusiano na usafi wa madini. Sumaku, mnayoisifu sana, haiamui lolote hapa: fedha haivutwi nayo, na mchanganyiko huo pia hauvutwi.

Kosa lilelile la kusoma chapa vibaya lipo kwenye bunduki za zamani: jina la duka hudhaniwa kuwa la kiwanda, kisha mtu akikosa "kiwanda" hicho vitabuni anasema amepata bunduki adimu. J.C. Higgins ilikuwa alama ya duka la Sears, na bunduki yenye namba ya modeli inayoanza na 583 ilitengenezwa na High Standard. Western Field ilikuwa ya duka la Montgomery Ward. M550 yake ni Mossberg 500 yenye jina jingine. Kwa kawaida pacha mwenye jina la duka huuzwa chini ya yule wa kiwandani. Kukosa namba ya mfululizo si ushahidi wa wizi: kabla ya sheria ya bunduki ya 1968 bunduki nyingi za bei nafuu Marekani hazikuwa nayo.

Sasa ufanye nini? Chombo chenye alama ya fedha halisi, "Sterling" au "925", kipimwe uzito kwa sonara. Cha kuchovya kiuze kama seti kamili, kwa jina la nakshi, wala usikisugue kwa dawa ya meno au steelwool, kwa sababu utando ukitoka haurudi. Bunduki ikaguliwe kwanza kama ina risasi. Usiipake rangi wala kuing'arisha. Yenye mtutu wa damaski, yaani wa vyuma vilivyosokotwa pamoja, usiifyatue; mpelekee fundi bunduki. Na usithubutu kuiweka kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam bila vibali vya Marekani na vya nchi inakokwenda.