Je, Wajua? Drafti Juu ya Mabawa

Je, wajua kwamba kuna wakati ndege za kivita za Uingereza zilipakwa rangi ili zionekane, wala si ili zijifiche? Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, vikosi vya ndege za kivita vya Jeshi la Anga la Uingereza vilijichagulia mapambo. Wengine walitaka milia, wengine pembetatu, na wachache wakachukua drafti. Kikosi cha 43 kilipaka miraba myeusi na myeupe, kikosi cha 19 ya buluu na myeupe, na kikosi cha 56 myekundu na myeupe. Kwa macho yangu hiyo ya 56 ndiyo iliyopendeza kuliko zote, ingawa wapenzi wa 43 hawatakubali.

Je, wajua kwamba jogoo wa kikosi cha 43 alitoka kwenye jina la ndege? Mwaka 1926 kikosi hicho kilipewa Gloster Gamecock, ndege ya mabawa pacha, moja juu na jingine chini, iliyobeba jina la jogoo wa kupiganishwa. Ndege ikazeeka na kuondolewa, jogoo akabaki kwenye nembo ya kikosi.

Mwaka 1931 kikosi hichohicho kilikuwa cha kwanza kupata Hawker Fury, ndege ya kwanza ya kivita katika jeshi hilo kuvuka maili 200 kwa saa, yaani takriban kilomita 322, ikiruka sambamba na ardhi. Drafti zilipita ubavuni na juu ya bawa la juu. Sehemu nyingine ya ndege iling'aa kwa rangi ya fedha, na mng'aro huo ulikuwa na kazi. Mabawa yalivikwa kitambaa kilichopakwa vanishi ya kukikaza, na unga wa aluminiamu uliochanganywa humo ulikikinga kisiozeshwe na mionzi ya jua.

Je, wajua kwamba nchi nzima ilichukua drafti za rubani mmoja? Stefan Stec, rubani wa Poland, alikuwa na mraba wa nyekundu na nyeupe kwenye ndege yake. Tarehe 1 Desemba 1918 alama hiyo ikawa rasmi kwa ndege za kijeshi za Poland, na ingali hivyo hadi leo. Mwaka 1993 mpangilio wa rangi ulipinduliwa, nyekundu ikakaa mahali pa nyeupe na nyeupe mahali pa nyekundu. Fundi anayetengeneza ndege ya mfano ya Poland asipouangalia mwaka atabandika alama ya zama nyingine, na daima atakuwepo mzee wa kumwambia.

Tuje kwenye meza ya fundi wa ndege za mfano. Kipimo kinachopendwa sana, 1/72, kimetokana na hesabu ya Waingereza: futi 6 za ndege halisi zinakuwa inchi 1. Bawa la Fury, lenye mita 9.14 kutoka ncha hadi ncha, linabaki milimita 127. Mraba wa futi moja kwa futi moja unakuwa milimita 4.2 kila upande. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kisu kikiteleza nusu milimita tu, ni sawa na mpaka rangi wa kambini aliyekosea kwa milimita 36, na huyo asingesamehewa na mkubwa wake.

Je, wajua kwamba kampuni iliyotangulia kuuza ndege za mfano za plastiki ilizipa jina la ndege asiyeruka? FROG ya Uingereza ilikuwa ikitengeneza ndege za kuchezea zinazoruka kweli. Mwaka 1936 ilipoleta za plastiki, za kukaa kabatini tu, ikaziita Penguin. Miongoni mwa za mwanzo ilikuwemo Gloster Gladiator, ya mabawa pacha.

Na tepu ya karatasi ya kupigia drafti hizo, ile ambayo mpaka rangi wa magari hawezi kufanya kazi bila hiyo, ilizaliwa gereji. Katikati ya miaka ya 1920 Wamarekani walipenda magari ya rangi mbili. Mafundi walibandika magazeti kwa gundi ili kuziba upande mmoja, na walipoyabandua rangi ilifuata. Richard Drew, kijana wa kampuni ya 3M huko St. Paul, Minnesota, alikuwa akipeleka msasa wa majaribio kwenye gereji na akazisikia lawama hizo. Mwaka 1925 akaja na tepu. Inasimuliwa kwamba tepu ya majaribio ilikuwa na gundi kwenye kingo tu, na fundi mmoja akamwambia airudishe kwa mabosi wake wabahili waongeze gundi. Kejeli hiyo ndiyo inayotajwa kuwa chanzo cha jina Scotch, kwa kuwa Waskoti walisingiziwa ubahili.

Wajapani nao wana kisa chao. Kampuni ya Kamoi ya Kurashiki, inayojulikana duniani kwa tepu nyembamba za karatasi ya washi, ilianza mwaka 1923 ikitengeneza karatasi za kunasia nzi.

Sasa swali la mtego: ukiwa na tepu ndefu peke yake, bila kukata mraba hata mmoja, unaweza kupiga drafti? Wengi hujaribu hivi. Wanapaka nyeupe, wanabandika tepu wima kwa kupishana, wanapuliza nyeusi, wanapata milia. Kisha wanabandika tepu za mlalo na kupuliza nyeusi tena. Wakibandua, hawaoni drafti. Wanaona vidirisha vyeupe: robo nyeupe, robo tatu nyeusi, maana nyeupe imebaki pale tu tepu ilipofunika mara zote mbili.

Njia ipo, nayo ni nzuri sana kiasi kwamba nashangaa kwa nini haipo kwenye kila karatasi ya maelekezo ndani ya boksi. Hesabu safu za wima na za mlalo. Ziba kwa pamoja safu zote za wima zenye namba witiri na safu zote za mlalo zenye namba witiri. Pamebaki wazi vimraba vilivyoko kwenye shufwa kwa shufwa, puliza nyeusi. Acha ikauke kabisa, bandua, kisha geuza mpango: ziba shufwa zote, wima na mlalo, uache witiri kwa witiri. Puliza tena. Robo moja na robo nyingine ni nusu, na nusu ndiyo drafti. Kila ukingo umetoka kwenye tepu iliyonyooka toka kiwandani, kwa hiyo mkono wako haukupewa nafasi ya kutetemeka.

Njia ya pili ni kufunika eneo lote kwa tepu pana, kuchora gridi, kukata kwa wembe mpya na kung'oa kimraba kimoja kimoja kwa kupishana. Inafaa pale ambapo umbo linapinda na tepu ndefu haikubali kulala. Ila kila mkato unagusa rangi iliyo chini, na wembe ukizidi nguvu unaacha mfereji ambao hautafichwa na kitu.

Na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote: drafti zinazozunguka bodi ya ndege hazikamiliki mpaka idadi ya miraba kwenye mzunguko iwe shufwa. Chukua bodi ya mfano yenye mzunguko wa milimita 90 mbele, karibu na injini, na milimita 60 nyuma, karibu na mkia. Ukikata miraba ya milimita 10, mbele utapata 9. Wa kwanza mweupe, wa pili mweusi, na ukiendelea hivyo wa tisa unatoka mweupe na kukutana uso kwa uso na wa kwanza. Nyeupe kwa nyeupe, chini ya tumbo la ndege, na hakuna ustadi wa mkono utakaoirekebisha.

Haya, mtu anasema atapunguza: miraba ya milimita 6. Mbele inaingia 15, nyuma 10. Nyuma pametengeneka, mbele pameharibika, na katikati safu zinakwenda upogo kwa sababu bodi inapungua na miraba haipungui. Dawa ni kushika idadi na kuachia ukubwa. Amua miraba 12. Mbele kila mmoja utakuwa na upana wa milimita 7.5, nyuma 5, na kila mmoja peke yake si mraba kamili tena, bali umbo lenye upande mmoja mpana kuliko mwingine. Jicho halilalamiki. Urefu nao uupunguze taratibu vivyo hivyo kuelekea mkiani, la sivyo miraba ya nyuma itaonekana kama matofali.

Hapo ndipo utawaelewa kikosi cha 43. Waliweka drafti ubavuni, upande huu na upande ule, zisikutane. Fundi mvivu na fundi mwenye akili wakati mwingine hufikia uamuzi mmoja.

Kwa nini nyeupe itangulie? Kwa sababu nyeusi huifunika nyeupe kwa mpulizo mwepesi, ilhali nyeupe juu ya nyeusi inadai tabaka juu ya tabaka, na mwishowe kila mraba unasimama kama kigae.

Je, wajua dawa ya rangi kupenya chini ya tepu? Ni kuiachia ipenye, ila iwe rangi isiyo na madhara. Ukishabandika, puliza kwanza nyeupe ileile iliyo chini, au vanishi isiyo na rangi, kwenye kingo za tepu. Ipenye inapotaka kupenya. Itaziba nyufa zote na hakuna atakayeiona. Nyeusi ikifuata inakuta njia imefungwa. Mabawa ya ndege hizi yanaihitaji hila hiyo kuliko kitu kingine, kwa sababu mbavu za bawa zinainuka chini ya kitambaa na tepu inaning'inia katikati ya ubavu na ubavu. Ikandamize kwa kijiti cha meno kando ya kila ubavu. Upepo wa kompresa uwe mdogo, paundi 15 hivi kwa inchi ya mraba, na rangi ishuke wima. Ukiipuliza kwa kuelekea ukingo wa tepu, umeitafutia mlango.

Tepu mpya ina gundi kali mno kwa rangi ya fedha. Ibandike kwanza kwenye kioo safi mara mbili tatu ipungue nguvu. Wakati wa kubandua, ikunje irudi juu ya mgongo wake na uivute polepole, usiinyanyue kwenda juu.

Stika za maji zenye drafti zilizokwisha kuchapwa zipo kwenye maboksi mengi, na sizipendi. Zimechapwa bapa, bawa lina mbavu na bodi imepinda. Kwenye kila kona unakata, unaunganisha, unapaka rangi kuziba. Kazi inakuwa ileile, na weusi wa brashi haufanani na weusi wa stika.

Bawa la juu lisibandikwe kabla drafti hazijakauka. Likishakaa kwenye mihimili yake, hakuna tepu wala kidole kitakachopita katikati kwa amani. Nyaya za kushikilia mabawa ziwe za mwisho kabisa: waya wa milimita 5 kwenye ndege halisi unakuwa milimita 0.07 katika 1/72, unene wa unywele wa mtu.

Je, wajua kwamba drafti za polisi zina mkono wa mtu aliyewahi kufanya kazi Tanganyika? Percy Sillitoe alikuwa ofisa wa utawala huko baada ya kushiriki vita vya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baadaye akawa mkuu wa polisi wa Glasgow, na mwaka 1932 akawavisha askari wake kofia zenye mkanda wa miraba myeusi na myeupe. Mkanda huo ukasambaa kwenye polisi wa nchi nyingi.

Viwanja vya ndege navyo vina sheria ya drafti. Kwa mujibu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kizuizi chenye uso mpana wa mita 4.5 au zaidi kwenda juu na kwenda upande kinapaswa kupakwa drafti, kila mraba usipungue mita 1.5 wala kuzidi mita 3, na pembe zote ziwe za rangi iliyokoza. Piga hesabu: ili pembe zote nne zikoze, idadi ya miraba iwe witiri upande huu na upande ule. Kwenye ukuta witiri, kwenye mzunguko shufwa.

Hong Kong walikwenda mbali zaidi, wakapaka drafti kwenye kilima. Rubani anayetua uwanja wa Kai Tak alikilenga kilima hicho, kisha akakata kulia nyuzi 47 kuikuta njia ya kutulia, juu kidogo ya mapaa ya watu. Uwanja ulifungwa mwaka 1998.

Drafti za vikosi vya Uingereza zilifunikwa Septemba 1938, vita na Ujerumani vilipokaribia wakati wa mgogoro wa Munich. Kijani na kahawia vilipakwa juu ya fedha na juu ya miraba yote. Fury zenyewe zilikuwa bado na safari. Mwaka 1940 marubani wa Afrika Kusini walizirusha kutoka Kenya dhidi ya Waitaliano. Ukitaka kutengeneza Fury ya Kenya, tepu iache kabatini: haikuwa na drafti.