Mtoto aliyezaliwa mapema: Kila tone la damu lihesabiwe

Huenda umewahi kusimama katika wadi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ukamwona muuguzi akija tena na sindano. Ukajiuliza, "Kiumbe mdogo hivi, damu hii yote inatoka wapi?"

Swali lako ni la maana. Mtoto wa kilo moja ana damu ya mililita 90 hivi, chini ya nusu kikombe cha chai. Akitolewa mililita 9, ambazo hazifiki vijiko viwili vya chai, amepoteza sehemu moja kwa kumi ya damu yake. Kwa mtu mzima, hiyo ni kama kutoa damu ya mgonjwa mara moja.

Lakini mtu mzima huifidia. Mtoto huyu mwili wake bado ni mzito kutengeneza damu, tena alizaliwa kabla ya kupata akiba ya madini ya chuma ambayo mama humpa mtoto miezi ya mwisho ya mimba. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa haba na haba hukimaliza, na mtoto huishia kuongezwa damu.

Je, ukatae vipimo? La, hasha! Ndivyo hugundua upungufu wa sukari na maambukizi yanayoua upesi. Kinachotakiwa ni damu kidogo zaidi, na njia zipo:

• Mtoto akizaliwa akiwa na hali nzuri, mkunga angoje walau dakika moja kabla ya kukata kitovu, ili damu ya kondo la nyuma imwingie.

• Baadhi ya vipimo vya kwanza vyaweza kufanywa kwa damu iliyobaki katika kondo hilo.

• Maabara itumie vichupa vidogo, na vipimo kadhaa vichukuliwe kwa mara moja.

• Oksijeni hupimwa kwa kifaa cha mwanga kinachofungwa mguuni, bila sindano.

• Kila kiasi kinachotolewa kiandikwe katika faili.

Nawe mzazi, uliza kwa heshima: "Daktari, kipimo hiki ni cha nini? Chaweza kungoja kichukuliwe pamoja na kingine?" Ukiona mtoto amepauka, anasitasita kupumua au haongezi uzani, mwambie muuguzi mara moja. Na mkirudi nyumbani, mpe dawa ya madini ya chuma kama alivyoandikiwa, bila kuruka hata siku moja.