Pizza ya Jumapili kwa Familia za Shauri Moyo

Mlo wa mchana wa familia katika mkahawa wa pizza wenye matawi mengi ni jambo la juzi juzi kwa wakazi wa Shauri Moyo, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi. Kwa miaka mingi, siku ambayo nyumbani hapapikwi watoto walijua ni Burma tu. Soko hilo lenye jina la nchi ambako askari wa King's African Rifles walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia limo mtaani humo humo, na mlo wake una utaratibu ambao hata mgeni huushika kwa siku moja. Mteja husimama mbele ya bucha, akaonyesha kwa kidole mbavu au mguu wa mbuzi, nyama ikapimwa machoni pake na kupelekwa kwenye makaa. Ikiiva huletwa juu ya ubao. Mkataji huikatakata hapo mezani, chumvi ikamwagwa pembeni, kisha ugali na kachumbari vikafuata. Maji moto ya kunawa huja kwa jagi. Wote hula ubaoni, na mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba zaidi.

Kasoro ya mlo huo iko kwenye hesabu. Kilo mbili zilizodhaniwa kutosha hazitoshi, mjomba anapita njia na haiwezekani asikaribishwe, soda zinaongezwa, na bili huishia pale itakapoishia. Hapo ndipo mkahawa wa pizza ulipopata nafasi yake.

Chakula chenye asili ya Italia kilifika Eastlands kabla ya pizza, na hakikuletwa na Waitaliano. Sehemu kubwa ya Somalia ilikuwa koloni la Italia, na Wasomali walibaki na mapishi ya tambi wanayoyaita baasto. Baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walipata makao Eastleigh, na hoteli za huko zikawa zinapakua tambi kwa mchuzi wa nyama, ndizi mbivu ikiwa kando ya sahani. Kutoka Shauri Moyo ni kuvuka Pumwani tu. Waitaliano wenyewe walijulikana zaidi Malindi, ambako mradi wa anga wa San Marco uliwaleta katika miaka ya 1960, na watalii wakawafuata. Mikahawa yao ya Nairobi, kama Trattoria ya katikati ya jiji, ilikuwa ya watu wa ofisi na wageni. Mfanyakazi wa Gikomba au Kamukunji aliipita akielekea stendi.

Pizza inayoliwa leo na familia hizi imezunguka sana. Kutoka Napoli ilivuka bahari pamoja na wahamiaji hadi Marekani, na huko ikageuzwa biashara ya matawi: ndugu Dan na Frank Carney walifungua Pizza Hut mjini Wichita mwaka 1958. Hata hivyo, jina lililozoeleka zaidi Nairobi ni Pizza Inn, mali ya Simbisa Brands, kampuni yenye makao Harare iliyotengwa na kampuni ya Innscor mwaka 2015. Domino's na Pizza Hut zilikuja katikati ya miaka ya 2010, mji ukiwa umeshazoea ladha. Hata nanasi juu ya pizza, ambalo watoto wengi hulidhani la Kiitaliano, lilianzia Kanada mwaka 1962 kwa mhamiaji kutoka Ugiriki, Sam Panopoulos. Na kusema kweli, hakuna anayekwenda pale kuitafuta Italia. Kinachonunuliwa ni mlo ambao bei yake inajulikana kabla ya mtu kutoka nyumbani.

Sababu nyingine ni jiko. Shauri Moyo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 kuwapokea watu waliovunjiwa nyumba katika kijiji cha Pangani, na familia nyingi hadi leo hupika katika nafasi finyu. Kuna meko ya gesi, kuna jiko la makaa lililofuliwa Kamukunji, lakini ovena ni adimu. Pilau na chapati huiva nyumbani tena zikawa tamu kuliko za hotelini, kwa hiyo mama hukereka kuzilipia. Pizza haimkeri, kwa kuwa hata angetaka kuipika hana pa kuiokea.

Safari yenyewe huanza baada ya kanisa, nguo za Jumapili zikiwa bado mwilini. Wengine hutembea kupitia Landhies Road na Muthurwa hadi mjini, wakaacha nauli ya matatu kwa ajili ya kurudi. Kwenye mikahawa hii mteja kwa kawaida huagiza na kulipa kaunta kwanza, ndipo atafute meza. Picha za chakula na bei huwa zimebandikwa juu, na hapo watoto ndio wasemaji. Familia za Kiislamu za mtaa jirani wa Majengo hutazama kwanza kama kuna cheti cha halali. Shosho, ambaye hukiona kile chakula kuwa mkate uliomwagiwa vitu, huagiziwa kuku na chipsi. Simbisa imelijua hilo mapema, maana katika matawi yake mengi pizza, kuku wa Chicken Inn na aiskrimu ya Creamy Inn viko chini ya paa moja.

Pizza kubwa kwa kawaida hukatwa vipande vinane. Familia ya watu sita hupata kimoja kimoja, na viwili vinavyobaki ndivyo huzua mjadala wote. Aghalabu mama hutangaza kwamba ameshiba, vikagawanywa nusu nusu kwa watoto. Tomato sosi na pilipili ya chupa humiminwa juu bila haya, jambo ambalo lingemuumiza kichwa mwokaji wa Napoli, na hakuna sababu ya kumuuliza. Uma na kisu haviguswi. Kwa hilo mkono uliozoea ubao wa Burma hauhitaji kufundishwa lolote.

Bei inayobandikwa huwa imeshajumuisha kodi ya VAT ya asilimia 16. Malipo mengi hufanywa kwa M-Pesa, na anayelipa huwa amekwisha kupiga hesabu akiwa nyumbani. Siku inayobadilisha hesabu hiyo ni Jumanne, ambapo Pizza Inn ilizoesha mji ofa ya kununua moja na kupewa ya pili bure. Wapo wazazi wanaoahirisha mlo wa sikukuu ya kuzaliwa hadi Jumanne, na watoto hawana malalamiko. Foleni ya jioni hiyo hufika mlangoni.

Mkahawa huu haufai kila shughuli. Wajomba na shangazi wakija kutoka mashambani, watu ishirini au zaidi, pizza haihesabiki tena, na nyama ya kilo hurudi mezani bila ubishi. Vivyo hivyo wazee wanaotaka kukaa na kuzungumza hadi jua litue, kwa kuwa viti vya mkahawa wa pizza ni vigumu na wengine wanasubiri meza.

Wasiotaka kwenda mjini huletewa. Programu za simu kama Glovo zimefanya pizza ifike mtaani ikiwa bado na joto, ingawa anwani za huku hutajwa kwa alama, nyuma ya YMCA au karibu na kituo cha polisi. Mwendesha pikipiki hupiga simu akiwa Jogoo Road kuulizia njia, na mtoto mmoja hutumwa barabarani kumpokea.