Shamba Lililogeuka Pori

Katika milima ya Kivu, tangu vita ya mwaka 1996 na zile zilizoifuata, jamaa nyingi zimekimbia vijiji vyao, na nyingine zimerudi baada ya miezi au miaka. Anayerudi hutazama kwanza nyumba, kisha shamba. Nyumba akiikuta imeanguka, huhuzunika, lakini alikwisha kuliwaza jambo hilo njiani. Shamba ndilo linalomvunja moyo. Pale alipoacha maharagi na mihogo amekuta matete yanayomzidi urefu; mpaka umepotea, migomba imefunikwa, naye hajui aanzie wapi.

Tuseme baba mmoja amerudi hivyo mwezi wa sita, kiangazi kinapoanza. Mvua itarudi mwezi wa tisa. Kama siku hiyo shamba halijawa tayari, watoto watakula chakula cha kununua mpaka mavuno ya mwaka utakaofuata, na fedha hana. Ana panga moja na majembe mawili tu. Jioni anamwambia mkewe: “Mama watoto, kesho nitawasha moto. Kwa siku moja kazi itakuwa imekwisha.” Mke anajibu: “Baba watoto, na migomba ya jirani je?”

Msomaji, usimcheke baba huyu. Mababu zetu walichoma mapori, wala hawakuwa wajinga. Lakini wao walilima mahali pamoja miaka miwili au mitatu, kisha walihama, wakaiacha ardhi ipumzike miaka mingi. Leo kilima kimegawanywa vipande vidogo vidogo kati ya wana na wajukuu. Ukikichosha chako, utahamia wapi?

Majivu yana potasi na chokaa, ndiyo sababu mwaka wa kwanza mimea hustawi juu yake, na watu husema kwamba moto ni mbolea. Lakini azoti, chakula kile kinachoyapa majani rangi yake ya kijani na nguvu yake, karibu yote hupotea angani pamoja na moshi. Tena mvua ya kwanza huukuta mteremko u mtupu, na kuupeleka udongo wa juu mtoni. Wazee husimulia juu ya mifereji ambayo watu walilazimishwa kuichimba zamani za utawala wa Wabelgiji, ili maji yasiteremshe udongo. Watu waliichukia kazi ile kwa sababu ya kulazimishwa. Mfereji wenyewe haukuwa na kosa.

Liko na jambo lingine: majani mengine hufurahia moto. Yako majani yenye ncha kali kama sindano na maua meupe kama pamba, ambayo wataalamu huyaita Imperata. Mizizi yake hutambaa chini ya udongo, ambako moto haufiki. Unachoma leo, baada ya siku chache yamechipuka upya, nayo mimea iliyoshindana nayo imekufa. Hata ukiyalima mara moja na kuyaacha, kila kipande cha mzizi kilichokatwa na jembe huwa mmea mpya. Udhaifu wake mmoja ni kwamba hayavumilii kivuli. Afadhali kuyalaza chini au kuyakata, kuing'oa mizizi wakati wa kiangazi na kuianika juani mpaka ikauke kabisa, kisha kupanda kitu kitakachofunika ardhi upesi, kama viazi vitamu au mukuna. (Mbegu za mukuna zina sumu, watoto wasizichukue kuzipika kama maharagi.)

Lantana nayo, yenye miiba na vishada vya maua ya rangi nyingi, ilitoka Amerika na kuletwa kama ua la bustani. Majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi. Ukiikata juu juu, huchipuka, ukiichoma, huchipuka. Sharti kisiki chake king'olewe kwa jembe, na kabla matunda yake hayajaiva, maana ndege huyala na kuzitawanya mbegu mbali.

Wasomaji wa Katanga watasema kwamba kwao moto hauzuiliki. Ni kweli, lakini moto nao una majira yake. Huko Ndola, katika Zambia ya leo, karibu na mpaka wa Katanga, watu wa misitu walianza katika miaka ya 1930 kuugawa msitu wa miombo. Kipande kimoja kilichomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, kingine mwishoni, kingine kilikingwa kabisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1959. Kilichochomwa mwishoni kilipoteza miti yake na kuwa uwanda wa majani. Cha mwanzoni kilibaki msitu. Kilichokingwa kilizidi kusongamana. Mwisho wa kiangazi kila kitu ni kikavu, na ndio wakati wengi wetu hupenda kuwasha kiberiti!

Basi, baba yetu afanye nini? Siku ya kwanza asikate kitu. Achukue fimbo ndefu, azunguke shamba pamoja na jirani na mzee anayeijua ardhi ile, watafute miti na mawe ya mpakani. Panga la haraka huua mashahidi hao, na kesi za mipaka zimewatenga ndugu wengi kuliko njaa. Kama walikuta mahali pana shaka, wamwite chifu kabla ya kufyeka, si baada yake.

Palipopiganwa vita, kuna hatari kubwa kuliko nyoka. Ukiona chuma kigeni chenye kutu, mfano wa chupa au risasi kubwa, usikiguse, usikitupie jiwe, wala usichome pori ukitumaini kwamba kitalipuka chenyewe. Rudi kwa nyayo zako ulizokuja nazo, weka alama mbali nacho, wajulishe wakubwa. Wanafunzi, maneno haya yanawahusu ninyi hasa, kwa kuwa ninyi ndio mnaotumwa kuchunga mbuzi.

Kuhusu nyoka: vaa viatu vigumu ikiwezekana, piga majani kwa fimbo mbele yako, usitie mkono mahali usipopaona. Mtu akiumwa, asichanjwe wala asibanwe kwa kamba. Atulizwe, mguu usitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Jiwe jeusi, ambalo wengi hulitumaini sana, halivuti sumu ya nyoka.

Kisha ifuate kazi yenyewe. Afyeke kipande kidogo, akimalize kabisa, ndipo aguse kingine. Akifyeka shamba zima bila kung'oa mizizi, mwezi wa tisa atakuwa na pori changa badala ya pori zee. Yaliyokatwa ayapange kwa mistari ya kukata mteremko, yazuie maji na kuoza polepole. Miti michanga iliyojiotea aiache michache, itampa kuni na kivuli. Na kama kando ya njia inaota tithonia, ile yenye maua makubwa ya njano mfano wa alizeti, asiione kuwa takataka. Katika kilo 100 za majani yake, yakikaushwa, mna karibu kilo 3 na nusu za azoti na kilo 4 za potasi. Majani mabichi yakatwe kabla ya kutoa mbegu, yafukiwe shambani muda kidogo kabla ya kupanda.

Mtu mmoja na panga moja watachoka katika juma la kwanza. Hapo ndipo likilimba inafaa: leo kwako, kesho kwangu. Mwenye shamba apike chakula, na mapanga yanolewe jioni, si asubuhi watu wakingoja.

Mwezi wa tisa ukifika, labda nusu ya shamba itakuwa bado pori. Baba asione haya. Apande maharagi katika nusu iliyo safi, arudi baada ya majuma mawili au matatu na jembe lake kutafuta machipukizi yangali laini, na ile nusu nyingine aifyeke tu mara kwa mara ili isitoe mbegu, mpaka kiangazi kingine.