Kuchagua Kompyuta Mpakato na Mfumo Endeshi Wake

Tarehe 14 Oktoba, 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi ulioanza kutumika Julai 2015. Siku iliyofuata kompyuta zenye mfumo huo ziliwaka kama ilivyo ada, barua zikaandikwa na hesabu zikafungwa, na kwa sababu hiyo watu wengi hawakuona kuwa kuna lililobadilika. Lakini tangu siku hiyo kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa madukani hazina tena thamani ile ile, na mnunuzi asiyelijua jambo hili huenda akatoa akiba yake ya miezi mingi kwa chombo ambacho watengenezaji wa mfumo wake wamekwisha kukipa kisogo.

Maelezo haya yanawahusu khasa wanafunzi, walimu, watumishi na wafanyabiashara wadogo wa Unguja na Pemba, ambao kompyuta mpakato, yaani laptopu, huinunua mara moja na kutaraji iwafae kwa miaka mingi. Kwa mtu wa namna hiyo suala la kwanza si mashine ipi inang'ara wala ipi inasifiwa na jamaa. Anapaswa kwanza kujua mfumo wake utatunzwa hadi mwaka gani, na kama unaendesha programu ambazo kazi yake inazitaka.

Ifahamike kwamba mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Ndiyo inayoamka kwanza mashine inapowashwa, ndiyo inayogawa kumbukumbu baina ya programu nyengine, na ndiyo inayoruhusu au kukataza faili kufunguliwa. Programu ya kuandikia barua ni mpangaji tu. Mfumo endeshi ndiye mwenye nyumba, na mlango ukiwa mbovu ni juu yake kuutengeneza. Mifumo inayoshindana katika soko la kompyuta mpakato ni minne: Windows ya Microsoft, macOS ya kampuni ya Apple, Linux ambayo haimilikiwi na kampuni moja, na ChromeOS ya Google.

Umuhimu wa kutengenezewa mlango ulidhihirika Mei 2017, wakati programu ya uharibifu iliyopewa jina la WannaCry ilipoingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Marekebisho ya kuliziba tundu lililotumiwa yalikwisha kutolewa tangu Machi mwaka huo huo, na walioathirika zaidi ni wale ambao hawakuyaweka. Mwenye mfumo uliositishwa yumo katika hali mbaya kuliko hao, kwani kwa kawaida marekebisho yenyewe hayaji tena.

Windows ndiyo inayotumika zaidi, na mafundi wake wanapatikana kila mtaa. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, inataka kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Sharti hili la mwisho ndilo linaloziangusha mashine za mtumba. Kwa prosesa za Intel aina ya Core, kwa ujumla zinazokubaliwa zinaanzia kizazi cha nane, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Kizazi hicho kinasomeka katika namba ya prosesa yenyewe: i5-7200U ni ya kizazi cha saba na haikubaliwi, ilhali i5-8250U ni ya kizazi cha nane na inakubaliwa. Muuzaji akisema tu kwamba mashine ni “i5” au “i7”, bado hajasema kitu. Ipo i7 ya mwaka 2012 ambayo imepitwa mbali na i3 ya mwaka 2020, na bei isiyotenganisha hizo mbili inampunja mnunuzi.

Microsoft ilitangaza pia mpango wa kuwaongezea watumiaji binafsi wa Windows 10 muda hadi tarehe 13 Oktoba, 2026, kwa masharti yake. Muda huo unampa mwenye mashine nafasi ya kujipanga. Haufai kuwa sababu ya kununua mashine ya zamani. Aidha wapo mafundi wenye ujuzi wa kuilazimisha Windows 11 ikae juu ya mashine isiyotimiza masharti. Jambo hilo linawezekana, lakini Microsoft imeeleza kwamba kompyuta ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho, kwa hiyo mnunuzi amebadilishiwa sura ya mfumo huku tatizo likibaki pale pale.

Lipo na suala la leseni. Mashine nyingi huuzwa zikiwa na Windows iliyofunguliwa kwa njia za wizi, na mnunuzi huambiwa kuwa kila kitu kiko tayari. Programu zinazotumika kuvunjia leseni mara nyingi huandamana na virusi, na kabla ya kufanya kazi humtaka fundi azime kinga ya kompyuta. Mtu anayefungia ndani ya mashine hiyo hesabu za duka lake, au anayeingilia humo katika akaunti yake ya benki, ameukabidhi ufunguo kwa asiyemjua. Katika sehemu ya mipangilio ya Windows, hali ya leseni huonekana kwa dakika moja, na si utovu wa adabu kumtaka muuzaji aioneshe.

Kompyuta za Apple zina sifa ya kudumu na ya betri zenye nguvu, lakini ni ghali na sehemu zake nyingi haziwezi kuongezwa baada ya kununuliwa. Tangu Novemba 2020 Apple ilianza kuuza mashine zenye chipu zake wenyewe, ya kwanza ikiwa M1, na kuziacha prosesa za Intel. Mwaka 2025 kampuni hiyo ilieleza kwamba macOS Tahoe, iliyotolewa Septemba mwaka huo, ndiyo ya mwisho kukubali mashine za Intel. Kwa hiyo MacBook ya Intel inayouzwa kwa bei nyepesi ina sababu ya wepesi huo, na anayetaka Mac ya mtumba ni afadhali asubiri hadi fedha zifike bei ya yenye M1.

Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na leo ipo katika matoleo mengi yanayopatikana bure na kwa halali. Linalojulikana zaidi ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe Mswahili hahitaji kufasiriwa, kwani ni ndugu wa neno utu. Ubuntu 24.04, ya Aprili 2024, inapata marekebisho ya bure kwa miaka mitano. Mashine ya kizazi cha sita au cha saba iliyokataliwa na Windows 11, ikiwa na RAM ya GB 8, huendesha Linux bila ya taabu, na pengine hiyo ndiyo njia ya heshima kabisa ya kuirefushia maisha.

Lugha ya Kiswahili nayo ina historia katika upande huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Siku hizi watumiaji wa Linux huandika kwa LibreOffice, ambayo hufungua na kuhifadhi mafaili ya Word, ingawa majedwali na mpangilio wa kurasa huweza kusogea. Udhaifu wa Linux si wa kufichwa. Baadhi ya printa na skana hazina programu zake, Microsoft Office ya kawaida haiwekwi humo, na si kila fundi anaijua.

Chromebook, inayotumia ChromeOS, ni nyepesi na rahisi kutunza, ila kazi zake nyingi hutegemea intaneti. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka kumi ya masasisho, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu aina ya mashine ilipotoka kiwandani, si tangu siku ya kununuliwa dukani. Zipo zinazouzwa kwa bei ya kuvutia baada ya kutumika katika skuli za Marekani, na muda wa baadhi yake umekwisha au umekaribia. Tarehe ya mwisho imeandikwa ndani ya mashine, katika mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS.

Kazi ya mtu ndiyo inayokata shauri. Mwanafunzi wa uhasibu atakayefundishwa kwa programu ya Tally anahitaji Windows. Mwanafunzi wa upimaji ardhi atakayetumia ArcGIS Pro pia hana budi kuwa na Windows, ijapokuwa QGIS, ambayo ni ya bure, hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Anayejifunza kuandika programu atafaidika na Linux au Mac. Mwalimu anayetayarisha mitihani na kuweka alama anaweza kutumia mfumo wowote kati ya hiyo, na kwake busara ni kufuata bei. Mtumishi anayetaka kuingia katika mifumo ya ofisi kwa mashine yake mwenyewe aulize kwanza kitengo cha teknolojia cha ofisi yake.

Kuhusu mashine yenyewe, RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 ndicho kiwango kinachofaa kwa kazi za kawaida. Diski ya zamani inayozunguka hufanya hata prosesa nzuri ionekane goigoi. Betri inahitaji kuangaliwa kuliko rangi. Katika Windows, amri ya powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayoonesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa, na ikiwa umebaki nusu, bei ya betri mpya iingizwe katika mapatano. Umeme wa Zanzibar ni wa volti 230. Chaja nyingi za laptopu zimeandikwa 100–240 V na hazihitaji kibadili umeme, bali waya wenye plagi ya pini tatu za mraba tu. Unyevu wa pwani na chumvi ya hewani hula viunganishi, kwa hiyo kila tundu la fleshi na la chaja lijaribiwe.

Mnunuzi wa mtumba ajihadhari pia na kufuli. Mac inaweza kuwa bado imefungwa na akaunti ya mwenyewe wa mwanzo, na Chromebook au laptopu ya Windows inaweza kuwa bado imesajiliwa na skuli au kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Mashine kama hiyo huweza kuonekana nzima dukani, kisha ikajifunga siku inapofutwa na kuanzishwa upya. Dawa yake ni kuomba ifutwe na kuanzishwa upya mbele ya mnunuzi, ikiwa imeunganishwa na intaneti, kabla ya fedha kutolewa.

Anayefikiria Linux hana haja ya kufuta kitu ili kuijaribu. Ubuntu na Linux Mint huweza kuwekwa katika fleshi ya GB 8, kompyuta ikaanza kutoka katika fleshi hiyo, na mwenyewe akajionea kama Wi-Fi, sauti, kamera na printa yake vinakubali. Akiitoa fleshi na kuiwasha upya mashine, mfumo wake wa mwanzo utakuwapo kama ulivyokuwa. Akiamua kuuhamia moja kwa moja, kwanza anakili mafaili yake yote katika diski ya nje, kwa kuwa kuweka mfumo mpya juu ya diski nzima hufuta kila kilichokuwamo.